Ugonjwa Unaporudi

Somo: Marko 8:22–26

  Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo makanisani mwetu halisemwi mara nyingi. Nalo ni ugonjwa uliotibiwa, ukaondoka, kisha ukarudi.

Sisi tunakaa Mwiki, upande wa Ruiru. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa ushirika wetu alipatikana na kansa ya tezi, ile ambayo madaktari huiita limfoma. Ilianza kwa uvimbe shingoni usiouma. Tukafanya harambee. Kila mtu akatoa alichokuwa nacho: wauza mboga wa Githurai, mafundi, walimu, wenye nyumba na wapangaji wao. Mama akatibiwa kwa dawa za kutiwa mshipani, mara sita, kila baada ya majuma matatu. Nywele zikaanguka, nguvu zikamwishia, lakini uvimbe ukayeyuka. Daktari akampima, akasema haoni tena ugonjwa. Jumapili iliyofuata mama akasimama mbele ya kanisa akasema, "Nimepona." Tukapiga vigelegele na makofi. Ushuhuda wake ukasimuliwa mpaka Mwihoko na Kahawa.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Siku moja alipokuwa akioga, vidole vyake viligusa kivimbe kidogo, kama punje ya haragwe, juu kidogo ya mtulinga. Akajua. Lakini hakumwambia mtu. Alikuja kanisani Jumapili baada ya Jumapili, akiwa amejifunga kitambaa shingoni, nasi tukamsalimu na kumwita mama wa ushuhuda. Alikaa na siri hiyo miezi minne.

Baadaye tulipomwuliza kwa nini alinyamaza, alitujibu kwa upole, "Ningewaambia nini? Niliwaambia nimepona. Mlitoa fedha zenu. Niliogopa mtasema nilidanganya, au kwamba imani yangu ilikuwa ndogo."

Wasikilizaji, maneno hayo yalituchoma mioyo. Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini je, ni nani aliyemfanya mama huyu afiche maradhi? Ni sisi. Tuliupenda ushuhuda wake kuliko tulivyompenda yeye, hata akakosa mlango wa kuturudia na habari nyingine.

Basi, tufungue Injili ya Marko, sura ya nane. Huko Bethsaida watu walimleta kipofu kwa Yesu. Bwana alimshika mkono, akamwongoza nje ya kijiji, akamtendea kama alivyotaka, akamwekea mikono. Kisha akamwuliza kama anaona. Yule mtu angeweza kujibu kwamba anaona vizuri kabisa, ili apendeze na shughuli iishe. Hakufanya hivyo. Alieleza hali yake kama ilivyokuwa: watu aliwaona, lakini hawakupambanuka, walionekana kama miti inayotembea. Na Bwana hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake imepungua. Alimwekea mikono mara ya pili, na hapo akaona vema.

Katika habari za miujiza ya Bwana wetu, hii ndiyo moja tunayosoma kwamba alimgusa mtu mara mbili kwa shida ile ile. Tunaamini haikuandikwa bure. Iliandikwa kwa ajili ya watu kama mama yetu, wanaohitaji kuguswa mara ya pili. Tena iliandikwa kwa ajili ya kanisa, lijifunze kumwuliza mtu hali yake na kulipokea jibu la kweli.

Hebu sasa tutazame mambo manne.

Jambo la kwanza ni maana ya neno "nimepona." Daktari akisema haoni tena ugonjwa, anasema kweli, lakini anasema juu ya kile anachoweza kukiona. Mashine za picha huonyesha uvimbe. Haziwezi kuonyesha chembe chache zilizojificha mwilini. Mkulima anayeijua ndago ataelewa upesi. Unapalilia shamba likawa safi, hakuna jani, na jirani anakusifu. Lakini kikibaki chini kiazi kimoja kidogo, mvua ikinyesha utaiona tena. Si kwamba hukupalilia. Wala si kwamba jembe lilikuwa bovu.

Wako wengi ambao limfoma yao haitarudi kamwe, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wale wenye limfoma kali, ile inayokwenda mbio, wakirudiwa, wengi wao hurudiwa katika miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo mtu asiache kliniki kwa sababu anajisikia mzima. Na sisi tunaosikiliza ushuhuda, tuupokee kama shukrani ya siku ile, tusiufanye kuwa hati ya deni ambayo mgonjwa ataidaiwa baadaye.

Jambo la pili ni kusema mapema. Dalili za kuangalia ni hizi: mtoki au uvimbe mpya shingoni, kwapani au kwenye kinena, homa isiyo na sababu, jasho la usiku linalolowesha shuka, na mwili kukonda bila kukusudia. Mtu aliyewahi kutibiwa limfoma akiona mojawapo, asingoje tarehe ya kliniki ifike. Aende.

Tena ni lazima kipande cha uvimbe kikatwe na kupimwa upya maabarani, hata kama kila mtu anadhani anajua ni nini. Sababu ni kwamba hapa kwetu kifua kikuu nacho huvimbisha tezi, nacho huleta homa na jasho la usiku. Wako watu waliopewa dawa za kifua kikuu kwa miezi kadhaa, na kumbe ni limfoma inayokua. Wako na wengine waliolia kwamba kansa imerudi, kumbe ni kifua kikuu, ambacho kina dawa yake. Hata limfoma yenyewe huweza kurudi ikiwa imegeuka aina. Kipande kile kidogo ndicho kinachomwonyesha daktari njia ya kufuata. Mama yetu alipothubutu kusema, hilo ndilo lililofanywa kwanza.

Jambo la tatu ni tumaini, na hapa tunataka kusema kweli bila kuongeza wala kupunguza.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tusidhani ugonjwa huu ni habari ya nchi za mbali. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago kule Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mkristo mwenye bidii aliyezaliwa Ireland, aliitwa amtazame mtoto aliyevimba mataya. Akaanza kuwatafuta watoto wengine wenye uvimbe wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Leo aina hiyo ya limfoma inaitwa kwa jina lake. Kisu hakikuwafaa watoto wale. Lakini miaka ya 1960 yeye na wenzake, pamoja na madaktari wa Nairobi, walijaribu dawa, nao wakaona mavimbe makubwa yakiyeyuka kwa siku chache. Furaha ilikuwa kubwa. Halafu kwa watoto wengi uvimbe ukarudi.

Je, waliwaacha? Hapana. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu limfoma, chini ya daktari John Ziegler kutoka Marekani. Kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Mtoto aliyekosa kliniki alifuatwa na wafanyakazi wa kituo mpaka kijijini kwao. Kwa kuwafuata hivyo walijifunza jambo kubwa. Watoto waliorudiwa na ugonjwa upesi, katika miezi michache ya mwanzo, wengi hawakuendelea vizuri. Lakini waliorudiwa baadaye, wengi waliitikia dawa tena, na baadhi yao waliishi miaka mingi. Watoto wa Uganda waliifundisha dunia kwamba kurudi kwa ugonjwa si hukumu ya namna moja kwa watu wote.

Mpaka leo madaktari huuliza maswali hayo hayo. Ni limfoma ya aina gani? Imerudi baada ya muda gani? Mwili una nguvu kiasi gani? Na je, ugonjwa unazisikia dawa za pili? Ziko limfoma za polepole ambazo hurudi mara kwa mara, na mtu huishi nazo miaka mingi, akitibiwa na kupumzika, akitibiwa na kupumzika. Wakati mwingine daktari huangalia tu kwanza, bila kutoa dawa. Huko si kutojali. Mama yetu alikuwa na ile kali, lakini ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka kabla ya kurudi, na daktari alilitaja hilo kuwa jambo jema.

Kwa limfoma kali iliyorudi, desturi ni kubadili dawa. Mgonjwa hupewa mchanganyiko mwingine, mara mbili au tatu, kisha hupimwa. Uvimbe ukipungua vizuri, na mwili ukiwa na nguvu, hatua inayofuata ni dawa nyingi sana kwa mara moja. Dawa hizo ni kali hata huua uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kwa hiyo kabla ya kuzitoa, madaktari huchukua mbegu za damu za mgonjwa mwenyewe na kuzihifadhi. Dawa zikiisha kufanya kazi, mbegu hizo hurudishwa mshipani, nazo huota upya. Mkulima huficha mbegu kabla ya kuchoma shamba.

Huenda mkashangaa kusikia kwamba Nairobi ni miongoni mwa miji iliyolijaribu wazo hili mapema. Mwaka 1961 daktari Peter Clifford na wenzake wawili waliandika katika jarida la madaktari la Lancet, la Uingereza, jinsi walivyowapa wagonjwa wa kansa dawa kali na kuwarudishia uboho wao wenyewe. Ilikuwa hatua ya mwanzo tu. Lakini mwaka 1995 ulitangazwa uchunguzi mkubwa wa wagonjwa wa limfoma kali iliyorudi, ambao ugonjwa wao ulikuwa umezisikia dawa za pili. Kati ya kila 100 waliorudishiwa uboho wao, wapatao 53 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kati ya kila 100 waliopewa dawa za kawaida peke yake, ni 32. Mtazame hesabu hiyo vizuri. Si wote waliookoka. Lakini si wachache.

Na ikiwa ugonjwa hauzisikii dawa za pili, njia huwa nyembamba. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa wa namna hiyo walifariki ndani ya miezi sita hivi. Tangu mwaka huo huo Marekani imeruhusu tiba mpya, ambayo askari wa damu ya mgonjwa hutolewa, hufundishwa maabarani kuitambua kansa, kisha hurudishwa mwilini. Imewaokoa baadhi ya watu waliokuwa wamekata tamaa. Lakini gharama yake ni kubwa mno, na kwa mtu wa kawaida wa Ruiru au Thika bado iko mbali. Hatutaki kumdanganya mtu. Ziko pia dawa nyepesi na mionzi, ambazo haziondoi ugonjwa kabisa lakini huuzuia na kumpa mtu miezi, pengine miaka, ya kukaa na watoto wake. Hiyo nayo ni zawadi.

Tuseme neno hapa juu ya imani na dawa. Wako wanaomwambia mgonjwa aliyerudiwa kwamba aache hospitali ili aonyeshe imani. Watu hao wasome Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia aliugua hata kufa, akaomba, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Na baada ya ahadi hiyo, nabii aliagiza tini zipondwe na kubandikwa kwenye jipu lake. Ahadi ilikuwako, na dawa ikatumika. Nabii hakuona haya kwa lolote kati ya hayo mawili.

Jambo la nne linatuhusu sisi tulio wazima. Harambee ya kwanza ni nyepesi. Watu wana huruma mpya, na wanatumaini kwamba wakitoa mara moja jambo litakwisha. Harambee ya pili ni ngumu. Tulipoitangaza Mwiki, tulisikia minong'ono. Mmoja alisema, "Si tulitoa juzi?" Mwingine alisema bora fedha zisaidie wengine. Hatuwalaumu, kwa maana maisha ni magumu na karo hazingoji. Lakini tulimkumbuka Bwana wetu pale nje ya kijiji. Hakuhesabu kwamba yule mtu amekwisha kupata zamu yake.

Wala msaada si fedha tu. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF, na inalipia matibabu ya kansa kwa kikomo kwa kila nyumba kwa mwaka. Mgonjwa dhaifu hawezi kusimama foleni kuuliza kikomo chake kimebaki kiasi gani. Kijana wa kanisa anaweza. Kutoka kwetu kwenda hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, ni kuvuka tu barabara kuu ya Thika. Lakini kwa mtu aliyetoka kutiwa dawa, akiwa na kichefuchefu, matatu mbili ni safari ndefu. Mwenye gari anaweza kumchukua. Tena mtu aliye katika dawa hizi akipata homa, hata usiku, huo si wakati wa kumpa kidonge na kungoja asubuhi, kwa maana kinga ya mwili wake iko chini na homa hiyo inaweza kumwua. Jirani mwenye simu na moyo wa kuamka anaweza kuokoa maisha.

Na ikifika siku daktari akasema dawa za kuponya zimekwisha, msimkimbie mgonjwa. Bado kuna kazi. Maumivu yana dawa, na morfini ya kunywa, ikitolewa na wanaoijua, humfanya mtu alale usiku na kuzungumza na wanawe mchana. Nairobi Hospice imefanya kazi hiyo tangu mwaka 1990. Kumpeleka mgonjwa huko si kumtupa.

Basi, mtauliza habari za mama yetu. Wapenzi, hatuwezi kuwaambia leo kwamba amepona, na yeye mwenyewe ametuomba tusiseme hivyo. Amekwisha kutiwa dawa za pili mara tatu. Uvimbe umepungua, lakini haujaisha. Madaktari wanapima kama ataweza kuingia katika ile hatua ya kurudishiwa mbegu za damu. Wakenya wengi wamesafiri mpaka India kwa matibabu ya namna hiyo, na sisi tunahesabu fedha, hazijatosha.

Jumapili iliyopita alisimama tena mbele ya kanisa. Hakuwa na kitambaa shingoni. Mzee wa kanisa akamwuliza, "Mama, hali yako ikoje?" Naye akajibu, "Ninaogopa, na bado ninamwamini Mungu." Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Akina mama waliondoka vitini mwao mmoja mmoja, wakaenda wakamzunguka, wakamwekea mikono.

Ndugu msikilizaji, labda nawe umegusa uvimbe na umenyamaza. Labda ni ugonjwa mwingine uliorudi, au ulevi ulioushinda na sasa umekushinda. Usifiche. Bwana anakuuliza unaona nini, naye hatachukia jibu lako. Kesho asubuhi nenda kliniki, na jioni ya leo mwambie mtu mmoja. Nanyi mtakaoambiwa, msishangae, wala msiulize imani yake ilikwenda wapi. Shikeni mkono wake.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hukuchoka kumgusa mtu mara ya pili. Uwatazame wote ambao ugonjwa umewarudia. Uwape ujasiri wa kusema kweli, waganga wenye hekima, na usingizi usiku. Utusamehe sisi tuliopenda habari njema kuliko tulivyompenda aliyeileta. Utufundishe kutoa tena, kutembelea tena na kungoja pamoja nao, hata tusipojua mwisho wake. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.